Mmisionari Kijana Hufanya Nini Siku Nzima?

 

Juma lililopita, baada ya ibada, mama mmoja wa parishi yetu alinifuata mpaka chumba cha kasisi nilipokuwa nikivua kanzu. Mama huyu ni mjane, naye ana mtoto mmoja tu wa kiume, kijana wa miaka 26. Kijana huyo amekubaliwa kwenda Sudan Kusini kuwa mmisionari. Kanisa zima tumefurahi. Kwaya inafanya mazoezi, akina mama wamekwisha gawana sufuria za kupikia, na siku ya kumwaga imeandikwa katika kalenda. Lakini mama hakuja kuzungumza habari za sherehe. Alisema hivi: "Mchungaji, huyu mtoto atakuwa akifanya nini huko siku nzima? Jumapili najua, atahubiri. Lakini Jumatatu je? Na Jumanne?"

Nilifungua kinywa nimjibu, nikaona sina jibu. Chuoni tulisoma historia ya Kanisa, na mpaka leo naweza kukutajia tarehe za misheni hii na ile. Lakini hakuna mwalimu aliyenitahini juu ya Jumanne. Nilimwambia, "Mama, nipe juma moja." Basi leo namjibu, nanyi msikilize pamoja naye.

Nitamjibu kwa habari za kijana mwingine wa miaka 26, ambaye hakutoka kwetu bali alikuja kwetu. Jina lake ni Johannes Rebmann. Alizaliwa tarehe 16 Januari 1820 katika kijiji cha Gerlingen karibu na mji wa Stuttgart, katika nchi ambayo leo ni Ujerumani. Alisomea kazi ya Injili mjini Basel, kisha katika chuo cha CMS mjini London, akapewa daraja takatifu la Kanisa la Anglikana. Tarehe 10 Juni 1846 alishuka Mombasa.

Aliyempokea ni Ludwig Krapf, mtu wa nchi ile ile, ambaye alikuwa amemzidi kwa miaka kumi. Wengi wetu tunalijua jina la Krapf. Yeye alifika Mombasa mwaka 1844, na mwezi wa Julai mwaka ule ule mkewe Rosine alikufa siku chache baada ya kujifungua, na mtoto mchanga akamfuata mama yake. Kaburi la Rosine lipo mpaka leo upande wa Nyali, likitazamana na mji wa kale ng'ambo ya maji. Kwa hiyo kijana Rebmann alipotia mguu wake pwani, mwenyeji wake alikuwa mjane, na mahali ambapo mgeni huonyeshwa pa kulala, yeye alionyeshwa na kaburi pia. Haukupita muda mrefu, naye akashikwa na homa.

Mama, nisikufiche. Kazi ya kwanza ya mmisionari ni kuugua. Sisemi hivyo kwa mzaha. Mtu akihama kutoka hewa aliyozaliwa nayo, akabadili maji na chakula, mwili wake hudai ushuru. Katika vitabu vya sifa jambo hili hupewa mstari mmoja, lakini katika maisha yenyewe huchukua siku nyingi sana: siku za kulala ukitazama makuti, ukiona aibu kwamba kanisa lako lilichanga nauli ili wewe uje kulala.

Tarehe 25 Agosti 1846 wale wawili walihamia Rabai, kule vilimani, kilomita ishirini na kitu kutoka Mombasa. Wazee wa Rabai walikuwa wamewakubali wakae kwao. Safari ile ilikuwa ya mashua mpaka chini ya vilima, kisha kupanda. Walikuwa na punda mmoja, na wote wawili walikuwa na homa. Fikiri mwenyewe, ndugu msikilizaji: misheni ya kwanza ya Kiprotestanti katika nchi yetu ilipanda kilima kwa jinsi hiyo, wagonjwa wawili na punda mmoja.

Walipofika juu, kulikuwa na nyumba ya kumalizia. Nyumba za wakati ule zilikuwa za miti na udongo, zikaezekwa makuti, na mtu asiyejua kukandika ukuta hulala na mvua. Krapf ameeleza jinsi walivyofanya kazi kwa mikono yao, nao ni watu waliozoea kalamu. Basi ukiniuliza Rebmann alifanya nini Jumanne ya kwanza kule Rabai, nadhani nitakuwa karibu na kweli nikisema alikuwa na udongo mpaka viwikoni. Ninapenda kumfikiri hivyo. Katika Matendo ya Mitume sura ya 18 tunamkuta Paulo kule Korintho akishona mahema pamoja na Akila na Prisila. Tumehubiri sana juu ya barua alizowaandikia Wakorintho. Mara ngapi umesikia mahubiri juu ya sindano yake?

Nyumba ikisha kusimama, kazi iliyojaza siku zake ilikuwa moja, nayo ni maneno. Watu wa Rabai ni mmoja wa watu wale tisa tunaowaita leo Wamijikenda. Wakati ule waliitwa Wanyika, na lugha yao Kinyika. Haikuwa na kitabu. Hapakuwa na kamusi wala mwalimu mwenye chaki. Njia ilikuwa kuketi na mtu, kuonyesha kitu kwa kidole, kuuliza, kuandika ulivyosikia, na kesho kugundua kwamba umesikia vibaya. Ukionyesha mti kwa kidole, huyu atakuambia jina la mti, yule atakuambia jina la kidole. Na vitu vya kuonyesha ni rahisi. Utaonyesha nini kwa kidole ili upate neno la neema? La toba? La msamaha? Hapo ni lazima uketi muda mrefu barazani, usikilize watu wakigombana na kupatana, mpaka siku moja neno unalolitafuta litoke lenyewe katika kinywa cha mzee anayemsamehe mwanawe. Mmisionari asiyekaa barazani hawezi kutafsiri.

Matunda ya maneno hayo yalionekana polepole. Injili ya Luka kwa Kinyika ilipigwa chapa Bombay mwaka 1848. Kamusi ya Kinyika waliyoikusanya yeye na Krapf ilichapishwa mwaka 1887, wakati wote wawili walikuwa wamekwisha kuzikwa.

Kuhusu lugha nami nina habari yangu ndogo. Nilipotoka chuo cha theolojia nilipelekwa mahali ambapo lugha ya watu sikuijua hata salamu. Nilihubiri kwa mkalimani. Jumapili moja nilieleza mfano wa mpanzi kwa dakika nyingi, kwa bidii, nikipunga mikono. Mkalimani alisema maneno machache sana, na watu wakaitikia kwa kichwa. Nilishangaa jinsi lugha ile ilivyo na maneno mafupi yenye maana nyingi. Miezi baadaye, nilipoanza kusikia kidogo, nikamwuliza alisema nini siku ile. Akaniambia bila aibu, "Nilisema kwamba kasisi anarudia yale ya Jumapili iliyopita."

Turudi Rabai. Siku ya mmisionari huliwa pia na wageni, maana yeye mwenyewe ni kitu cha kutazamwa. Watu huja kuona anavyokula, anavyonawa, na kama viatu vyake hutoka mguuni. Wengine huja kuomba. Krapf anasimulia kwamba walipoanza ibada pale, waliambiwa kuwa wakitaka watu waje mara kwa mara itafaa wawapikie wali. Tusicheke sana. Mimi nimefanya ukasisi miaka mingi, na ninajua hesabu ya watu katika mazishi yenye pilau na hesabu yao katika ibada ya Jumatano jioni. Wazee wale walisema waziwazi tu kile ambacho sisi tunakificha.

Kuna sehemu moja ya maisha ya Rebmann ambayo watoto wote wa shule wameisikia. Mwaka 1848 alisafiri kwenda Uchagga pamoja na kiongozi wa msafara, Mswahili aliyeitwa Bwana Kheri, na wapagazi wachache. Hakuchukua bunduki, alichukua mwavuli. Tarehe 11 Mei asubuhi aliona kitu cheupe juu ya mlima, akamwuliza kiongozi wake ni nini, naye akamjibu kwamba hajui jina lake ila ni baridi. Ilikuwa theluji ya Kilimanjaro. Habari zilipofika London, wataalamu fulani wa jiografia walimcheka: theluji itakaaje karibu na ikweta? Walikaa mezani kwao wakimsahihisha mtu aliyeiona kwa macho yake, na miaka mingi ilipita kabla ya wasafiri wengine kuthibitisha kwamba alisema kweli.

Lakini angalia, mama: siku ile ya Kilimanjaro ni siku moja. Alikaa Afrika miaka 29. Hata safari zenyewe hazikwenda vizuri zote. Mwaka 1849 alikwenda tena Uchagga akiwa na mizigo ya kumfikisha mpaka Unyamwezi. Mangi wa Machame aliichukua mali ile kidogo kidogo kwa jina la zawadi, mpaka safari ikafa, na kijana akarudi Rabai mikono mitupu. Mwaka ule ule kijana mwingine, Johannes Wagner, aliletwa kuwasaidia. Alikufa kwa homa kabla ya kumaliza miezi mitatu. Watu wa Rabai waliona mazishi ya Mkristo kabla hawajaona ubatizo.

Ubatizo wa kwanza tunaousikia ni wa mtu aliyeitwa Mringe, kilema, maskini, aliyebatizwa mwaka 1851 karibu na kufa kwake. Huyo ndiye limbuko la Rabai. Hakuwa mzee mwenye sauti katika kaya. Kama ungekuwa katika halmashauri ya fedha kule London, ukihesabu nauli na makaburi upande mmoja, na Mringe upande wa pili, ungesema nini? Nimeketi katika halmashauri za fedha. Ninajua tungesema nini.

Tena wale wawili hawakukubaliana katika mambo yote. Krapf alikuwa na ndoto ya vituo vya misheni vilivyofuatana kama shanga kutoka pwani hii mpaka bahari ya magharibi. Rebmann aliona afadhali kukaa mahali pamoja na kuijua lugha ya watu. Krapf, kwa sababu ya afya yake, aliondoka mwaka 1853. Rebmann akabaki. Yeye alikuwa ameoa mwaka 1851. Mtoto wao alikufa akingali mchanga, na mkewe Emma akafa mwaka 1866. Wakati mmoja mashambulio ya Wamaasai yalimfanya aikimbie Rabai, akakaa Unguja, kisha akarudi kujenga tena.

Katika miaka hiyo kuna picha moja ninayoipenda kuliko ile ya Kilimanjaro. Ni picha ya Rebmann ameketi na mtu aliyeitwa Salimini. Salimini alikuwa mtumwa, aliyetolewa kwao upande wa ziwa Nyasa akaletwa pwani. Rebmann alimwuliza maneno ya kwao, siku baada ya siku, akayaandika. Kwao Salimini Rebmann hakufika kamwe. Lakini mtu aliyenunuliwa na kuuzwa aliketi akaulizwa, "Ninyi kwenu mnaliitaje jambo hili?" Sijui kama tangu alipotekwa kuna mtu mwingine aliyemwuliza hivyo. Kamusi iliyotoka katika mazungumzo yale ilichapishwa mwaka 1877, Rebmann akiwa amekufa, na Krapf ndiye aliyeitengeneza kwa chapa. Ndiyo Jumanne yenyewe hiyo, mama. Watu wawili, mkeka, wino, na neno moja.

Kisha macho yake yakaanza kufa. Balozi wa Uingereza, Sir Bartle Frere, alipopita pwani mwaka 1873 kwa ajili ya kukomesha biashara ya watumwa, alimkuta Rebmann Rabai amekuwa mzee kabla ya wakati, haoni vizuri, pamoja na Wakristo wachache sana. Mwaka 1875 alirudi kwao, mara ya kwanza tangu 1846. Aliyesafiri naye akimwongoza alikuwa Isaac Nyondo, Mkristo wa Rabai. Natamani tungekuwa na kitabu cha Nyondo! Maana sasa mambo yaligeuka. Mwana wa Rabai ndiye aliyekuwa ugenini, akitazamwa anavyokula, akishikwa na baridi, akisikia maneno asiyoyajua, huku akimshika mkono mzee aliyekuja kwao na mwavuli. Rebmann alikufa tarehe 4 Oktoba 1876 katika mji wa Korntal.

Sasa mtu ataniambia, "Mchungaji, hayo ni ya zamani. Siku hizi kuna ndege, kuna dawa ya malaria, kuna simu." Ni kweli, na tumshukuru Mungu kwa hayo. Lakini nimezungumza na vijana wetu waliorudi kutoka huduma ya nchi za jirani, na wanayoyasimulia hayako mbali na Rabai. Wanaamka mapema kutafuta maji. Asubuhi wanajifunza lugha, na katika Sudan Kusini mara nyingi ni mbili: Kiarabu cha Juba kwa ajili ya sokoni, na lugha ya kabila kwa ajili ya moyoni. Wanasubiri karatasi za kibali katika ofisi ambazo karani wake ametoka na hajulikani atarudi saa ngapi. Wanatengeneza pikipiki. Wanatembelea wagonjwa. Wanafundisha darasa la ubatizo chini ya mti, na mvua ikija darasa limekwisha. Jioni wanapika, nao wengi hawakufundishwa kupika kwa mama zao. (Hapo, akina mama, ninyi na mimi tuna la kuzungumza.) Kisha giza huingia, na mtu huketi peke yake akisikia watu wakicheka nyumba ya pili kwa lugha asiyoifahamu.

Saa hiyo ya jioni ndiyo ngumu. Hakuna aliyeniambia kwamba alilia kwa sababu ya mateso. Wameniambia walilia kwa sababu ya ugali, au sauti ya kengele ya kanisa la nyumbani iliyosikika nyuma ya maneno ya mtu katika simu.

Wakati wa Rebmann barua ilikwenda kwa jahazi na meli, miezi na miezi. Siku hizi ujumbe unafika kabla hujaweka simu mfukoni. Hata hivyo naijua parishi moja iliyomwaga kijana wake kwa shangwe, ikaahidi kumtumia fedha kila mwezi. Miezi michache ya kwanza zilikwenda. Kisha kukawa na ujenzi wa ukumbi, kisha ikawa harambee ya gari la kasisi, na kijana akasahauliwa. Alirudi amekonda. Aliporudi tulimwomba atoe ushuhuda, naye, kwa upole wake, hakulitaja jambo hilo hata kidogo. Nami nilikuwa nimeketi mbele kabisa, nikimsikiliza jinsi alivyoliruka.

Hayo yote nilimwambia yule mama juzi, nilipokwenda nyumbani kwake. Nilimwambia juu ya udongo, na maneno, na Mringe, na Salimini. Makaburi pia sikuyaacha. Alinisikiliza huku akichambua mboga, asiseme neno. Nilipomaliza alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Rebmann alikuwa na Krapf wa kumpa maji aliposhikwa na homa. Mwanangu je, atampa maji nani?"

Nilimjibu kwamba sijui. Tukachukua karatasi pale pale mezani, tukaandika kwa askofu wa kule anakokwenda, tukauliza kijana atalala nyumba ya nani, na ni nani jirani yake. Mama mwenyewe alinitajia la kuandika, nami nikaandika. Barua imekwenda siku ya Alhamisi. Jibu bado tunalingoja, na sherehe ya kumwaga nimeisogeza mbele mpaka lifike.